Nyumba ya mawe ya Mikindani kwa skeli ya 1:24: kuta, boriti, mlango wa nakshi na mteremko hadi pwani

Shangani_Mtwara aliuliza:

Wakuu, salaam. Natengeneza nyumba ya wanasesere ya kihistoria: nyumba ya mfanyabiashara, mawe na chokaa, ghorofa moja, kama zile za mji mkongwe wa Mikindani. Mandhari ni ya miaka ya 1890. Ubavu mmoja utabaki wazi ili vyumba vionekane, mbele kuwe na baraza, na kutoka hapo ardhi iteremke hadi ukingo wa maji. Meza ya kuwekea ni sentimita 90 kwa 60, na itakaa ndani ya ukumbi usio na kiyoyozi.

Nimekwama hapa:

Skeli. Fanicha nyingi za wanasesere ni 1:12, lakini naona nyumba itameza meza nzima.

Kuta. Plasta ya saruji juu ya kadibodi ya boksi inapasuka, na baada ya wiki inabanduka vipande vipande.

Mlango. Nakshi ndogo hivyo inachongwaje bila kuvunjika?

Bahari na miti. Rezini (kimiminika kinachoganda, cha kuigizia maji) ni ghali na kuisafirisha hadi huku kusini ni gharama nyingine. Kuna njia ya kuikwepa?

---

Chokaa_na_Mawe alijibu:

Anza na boriti, mkuu, skeli itajileta yenyewe. Nyumba hizi zilipangwa kwa urefu wa mti wa mkoko. Boriti moja ilivuka chumba chenye upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Ukitengeneza sebule pana ya mraba, anayezijua nyumba hizi atagundua kosa kabla hata hajaangalia mlango.

Chukua vyumba vitatu vya upana wa mita 2.6 kila kimoja, na kuta nne za nusu mita. Kina cha nyumba ni mita 9.8. Kwa 1:12 hiyo ni sentimita 82, meza imekwisha, na kimo pamoja na paa kinakaribia mita moja. Kwa 1:24 unapata kina cha sm 41, uso wa sm 33 (nyumba ya mita 8), na kuta za sm 29 kwenda juu. Zinakubakia sm 49 za mandhari mbele. Chagua 1:24, na fanicha utengeneze mwenyewe. Za dukani zina sura ya Uingereza ya karne ya 19, hazikufai hata kama kipimo kingekubali.

Namba za kubandika ukutani wakati wa kazi (1:24, mita moja ni mm 42):

Ukuta mm 21. Upana wa chumba mm 108. Dari mm 133 kutoka sakafuni. Baraza kimo mm 19, kina mm 25. Boriti kipenyo mm 4, katikati hadi katikati mm 12. Zege la chokaa juu ya boriti mm 12.

Sasa kuta. Kadibodi inanyonya maji ya plasta, inavimba, halafu inakauka na kurudi. Saruji nayo inasinyaa inapokauka. Ukiunganisha vitu viwili vinavyovutana hivyo, lazima kimoja kiachie. Tumia plaiwudi ya mm 4 pande mbili, katikati weka vipande vya mm 9 kila baada ya sm 8. Jumla mm 17. Plasta mm 2 kila upande, umefika 21. Nusu shiti (futi 4 kwa 4) ya plaiwudi ya mm 4 inatosha kuta zote na ziada inabaki.

Plasta: jipsamu ya unga vipimo 2, chokaa kipimo 1, na badala ya maji matupu tumia gundi nyeupe ya mbao 1 kwa maji 4. Kwa nyumba hii unahitaji kama kilo 2.5 za unga kwa jumla. Usikoroge zaidi ya kikombe kimoja kwa mara moja, kwa sababu jipsamu huanza kushika ndani ya dakika 10 hadi 15. Ikishaanza kushika ukaiongezea maji, itakauka lakini itabaki unga. Itupe.

Kabla ya plasta, paka plaiwudi gundi 1 kwa maji 3 na uiache ikauke kabisa. Kwenye kila kiungo cha plaiwudi na kila kona bandika bandeji ya wavu ya duka la dawa. Nyufa karibu zote huanzia kwenye viungo, na bandeji ndiyo inayozizuia. Piga tabaka mbili za mm 1, usipige moja ya mm 2.

Pale unapotaka mawe yaonekane, usichore matofali. Kuta za hapa ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, makubwa kwa madogo, yamezama kwenye chokaa. Kwa skeli yako ni mm 6 hadi 17. Chora kwa sindano plasta ikiwa bado mbichi kidogo, kisha ikandamize kwa karatasi ya foili iliyokunjwakunjwa ili ipate vitundu. Usitumie tumbawe halisi. Vitundu vyake vinakuwa mapango kwa skeli hii, na matumbawe hai si ya kuvunjwa kwa ajili ya mapambo.

Plasta ya nyumba halisi haibanduki ovyo. Inabanduka chini, kimo cha goti hadi kiuno, kwa unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini; chini ya makopo ya kumwagia maji ya mvua; na kwenye pembe zinazogongwa na mizigo. Katikati ya ukuta iache nzima.

Mwisho kabisa chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu. Weupe unakuja ikikauka, kwa hiyo usiongeze unene kwa haraka.

---

Patasi_Ndogo alijibu:

Naongezea boriti na mlango.

Boriti: vijiti vya mishikaki vile vinene, vya karibu mm 4. Kata mm 128, yaani mm 108 za chumba na mm 10 za kuingia ukutani kila upande. Usizidishe hizo 10, maana ukuta wa katikati unapokea boriti kutoka vyumba viwili na zitagongana ndani. Kila chumba kinachukua boriti 24, vyumba vitatu 72, na kijiti cha sm 30 kinatoa mbili. Vijiti 36 kwa dari moja. Toboa matundu ya mm 4.5 kwenye plaiwudi KABLA ya kuunganisha kuta na kabla ya plasta. Kutoboa baadaye kunameng'enya plasta yote ya karibu.

Mianzi imenyooka mno. Loweka vijiti kwenye maji ya moto nusu saa, vipinde kidogo, vifunge pamoja vikauke hivyo. Rangi ya mkoko ni wekundu wa kahawia ukiwa mpya, na kijivu kilichoiva kwa moshi kadiri miaka inavyopita. Njiti za ufagio wa chelewa zina mm 1 hadi 1.5, hizo ni fito, usizifanye boriti.

Mlango. Kwa skeli yako uwazi ni mm 50 kwa 88, fremu mm 12 kila upande. Usiweke bawaba. Milango ya zamani ya pwani ilizunguka kwenye vigingi vilivyoingia kwenye vizingiti, juu na chini, na bahati nzuri hiyo ndiyo njia rahisi pia kwa kitu kidogo. Choma pini ya mm 1 kwenye pembe ya juu na ya chini ya kila ubao, toboa vizingiti, umemaliza. Mbao mbili za mlango, na mfaa wa katikati (mm 4 hadi 5) unagongelewa kwenye ubao mmoja tu, ndio unaofunika mwanya. Ukiugawa katikati mlango hautafunguka kihalisi. Milango inafunguka kwenda ndani.

Kuhusu kuchonga: msonobari na mbao zote laini zinachanika kwenye nakshi ya kina cha mm 1. Mpingo unashika hata mstari wa nusu milimita, na vipande vinavyotupwa na wachongaji wa Kimakonde vinatosha kabisa. Tatizo ni weusi wake, milango hii ilikuwa ya mbao za kahawia. Kwa hiyo mpingo tumia kwa kielelezo mama tu. Chonga kipande kimoja cha mm 45 kwa 12, mnyororo pembeni na maua katikati, kisha kitolee kalibu.

Kalibu: silikoni ya kuzibia madirisha, ile yenye harufu ya siki, changanya na unga wa wanga wa mahindi (wanga ule mweupe, si sembe) kiasi kwa kiasi. Paka mafuta ya mgando kwenye mpingo, kandamiza silikoni juu yake, acha saa moja au mbili. Fanya kazi mahali penye hewa, mvuke wake unawasha macho. Kisha changanya gundi ya mirija miwili na vumbi la mbao lililochujwa kwenye soksi ya nailoni, jaza kalibu, acha hadi kesho yake. Miimo miwili na kizingiti cha juu ni mm 250 kwa jumla, kwa hiyo unahitaji vipande sita. Usimwage jipsamu humo. Kwa wembamba huu itavunjika wakati wa kuitoa.

Patasi hazinunuliwi. Sindano ya cherehani namba 16 iliyosuguliwa ncha kwenye jiwe la kunolea, ukaichomeka kwenye mpini wa kalamu, inafanya kazi yote. Wembe wa upasuaji namba 11 kwa mistari mirefu.

Misumari ya vichwa vikubwa: pini za vichwa vya mm 1.5. Kwa nyumba ya mfanyabiashara wa mji mdogo usiijaze mlango mzima. Na kizingiti cha juu kiwe kimenyooka. Vile vya nusu duara vyenye maua mengi vilishika kasi mwishoni mwa karne ya 19, unaweza kujitetea ukiweka, lakini kilichonyooka hakina ubishi.

---

BintiKivinje alijibu:

Mimi nina neno kwenye ardhi na bahari, maana hapo ndipo modeli nyingi nzuri zinapoharibika.

Sm 49 zako ni mita 11.8 tu za kweli. Ukiteremsha sm 6 kutoka kwenye baraza hadi majini, hiyo ni mita 1.44. Bahari ya huku kusini wakati wa bamvu (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) inapanda na kushuka mita 3 na zaidi, yaani sm 12 na kuzidi za modeli yako. Maana yake, ukichora maji yamejaa kwenye mteremko huo, na yakishuka kidogo tu, mahesabu hayaungani: ama nyumba imezama ama ufuo ni ukuta. Suluhisho ni kuonyesha maji yamekupwa. Mandhari yako ionyeshe sehemu ya juu ya ufuo na tope, na bahari yenyewe iwe imeenda mbali nje ya meza. Hapo hapo rezini umeikwepa.

Msingi: plaiwudi ya mm 12 na fremu ya mbao chini yake. Paka vanishi juu, chini na kingo zote. Upande wa chini ukiachwa mtupu unanyonya unyevu peke yake na meza inapinda mithili ya kipande cha nazi juani.

Mteremko: lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Kata matabaka ya mm 20, matatu yanakupa sm 6. Gundi ya viatu na rangi ya kopo la kupuliza zinaliyeyusha, ukaona shimo limejichimba lenyewe. Gundi nyeupe ya maji tu. Juu yake karatasi za gazeti zilizolowekwa kwenye gundi, tabaka mbili, kisha plasta ileile ya mkuu Chokaa lakini yenye vumbi la udongo.

Kata shimo la msingi wa nyumba sasa hivi, kabla ya udongo: sm 41 kwa 33, kina mm 8. Nyumba izame humo. Nyumba iliyotuliwa juu ya ardhi huacha mwanya mweusi chini kuzunguka kuta zote, na huo mwanya hauzibiki vizuri baadaye.

Mchanga: wa pwani una chumvi. Usipooshwa, chumvi inavuta unyevu, inachanua weupe juu ya rangi na kutia kutu kila waya uliouficha chini. Osha kwa maji baridi mara tatu au nne, uanike ukauke kabisa. Na usiutumie jinsi ulivyo: punje ya nusu milimita kwa skeli yako ni jiwe la sm 1.2. Pitisha kwenye kitambaa cha leso, kinachopita ndicho mchanga, kinachobaki ni kokoto za chini ya baraza.

Tope: vumbi laini, gundi, rangi ya kijivu yenye ukahawia. Likikauka paka vanishi inayong'aa kwenye mabonde tu. Vidimbwi vitatu vinne vya vanishi, mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, vinatosha kuonyesha kwamba maji yalikuwa hapa. Juu ya ufuo chora mstari mwembamba wa takataka za maji: nyuzi, vumbi la majani makavu. Hapo ndipo maji yalipofika yalipojaa.

Mikoko: mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kutoka shinani, itengeneze kwa waya mwembamba uliopakwa gundi na vumbi. Mchu una mizizi inayochomoza juu kama penseli, ya sm 10 hadi 20, kwako ni mm 4 hadi 8. Choma ncha za chelewa kwenye tope likiwa bichi, nyingi karibu na shina na chache kadiri unavyokwenda mbali.

Miti mikubwa ndiyo mtego. Mnazi wa mita 15 ni sm 62 kwa 1:24, unaipita nyumba yako. Ni kweli kihalisi, lakini weka mmoja tu, kwenye pembe ya nyuma, wa mita 12 (sm 50), na shina lake liingie kwenye mrija wa kalamu uliozikwa ardhini ili uchomoke wakati wa kusafirisha. Jani sm 17 hadi 19, uti wake waya wa shaba wa umeme wa 1.5, majani ya bahasha ya kaki. Kilele cha mnazi uliokomaa kina makuti kama 30. Ukiweka kumi unapata mwavuli uliokufa. Yale ya chini yainame na yawe ya kahawia.

Miembe iache. Mashina ya migomba (sm 12 hadi 17) na mpapai mmoja (sm 17) kwenye ua yanajaza nafasi bila kufunika ukuta. Na tafadhali, usipande mistari ya mikorosho kwa sababu tu ni Mtwara. Mkorosho uliletwa na Wareno karne nyingi nyuma, lakini mashamba makubwa tunayoyaona ni ya karne ya 20.

---

Shangani_Mtwara:

Ahsanteni sana. Mahesabu ya bamvu yalikuwa hayamo kabisa kichwani. Bado paa: makuti au dari bapa ya chokaa? Na ndani ya vyumba kuna vitu gani vya miaka hiyo?

---

Chokaa_na_Mawe:

Bapa. Dari ya juu unaitengeneza kama ya chini, boriti 72 nyingine, ukingo wa mm 20 kuzunguka, na makopo ya kutolea maji. Unaweza kuiinua nzima ukaangalia vyumba kwa juu.

---

Patasi_Ndogo:

Sikubaliani. Ubavu tayari uko wazi, kuinua paa ni kwa nini tena? Na makuti ndiyo yanayoipa nyumba kivuli chake. Dari bapa kwa skeli hii inaonekana boksi. Ila ajue kazi iliyopo. Mwinamo wa nyuzi 40 unaongeza sm 17 za kimo. Kila upande wa paa ni sm 39 kwa 29 pamoja na mapaa ya kuning'inia. Safu zikipandana zikiacha mm 5 wazi ni safu 58 kila upande, mita 45 za makuti kwa jumla. Ukiacha mm 8 ni mita 28. Tumia nyuzi za katani zilizokatwa mm 20, zibandike kwenye uzi, anzia chini kwenda juu. Safu tano za chini zifanye nene kwa sababu ukingo ndio unaoonekana. Katani mpya ni nyeupe mno, ichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea kabla ya kukata.

---

BintiKivinje:

Paa liamuliwe na picha ya nyumba unayoiiga, maana zote mbili zilikuwepo. Nenda na fimbo ya mita moja yenye mistari kila sm 10, iegemeze ukutani, omba ruhusa ya mwenye nyumba, piga picha ukiwa umesimama mbele sawasawa. Kila kipimo kingine utakisoma kutoka kwenye fimbo.

Vitu vya ndani: vitanda vya kamba, mikeka, mitungi, kinu na mchi, mbuzi ya nazi, masanduku ya mbao yenye misumari. Jiko lisiwe ndani, liwe uani pamoja na kisima (kipenyo mm 42). Magunia ya sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na mpira yanafaa barazani, hizo zilikuwa biashara za mwambao huu. Nguo: kaniki (vitambaa vyeusi) na merikani (pamba isiyopaushwa) kwa wingi. Kanga zenye maandishi zinahusu karne ya 20, usizianike kwenye kamba yako.

Na uamue mwaka mmoja kamili. Ukisema 1896, Boma la Wajerumani tayari limesimama mlimani tangu 1895, na bendera ni yao. Ukirudi 1885, bendera ni nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Masoko ya watumwa yalifungwa kwa mkataba wa 1873, kwa hiyo soko la wazi halimo katika mwaka wowote kati ya hiyo, ingawa biashara yenyewe iliendelea kwa kificho. Usiligeuze jambo hilo kuwa pambo la uwanjani.

---

Kusi_na_Kaskazi alijibu:

Kuhusu ukumbi usio na kiyoyozi: plasta na gundi zote zimalizie kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua za huku zikianza, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, gundi ya maji inachukua siku kadhaa kukauka na ukungu unaota juu ya katani na karatasi. Unga wa ngano usitumike popote kama gundi, wala mbegu na nafaka kama kokoto au magunia yaliyojaa. Panya na sisimizi watafika kabla ya wageni. Jaza magunia vumbi la mbao.

Chini ya msingi weka vigingi vya mm 30 ili hewa ipite, na toboa matundu mawili ya mm 10 nyuma ya kila chumba, chini kabisa, yasiyoonekana. Kifuniko cha kioo usikibane moja kwa moja. Acha mwanya wa mm 3 juu uliozibwa kwa chandarua. Kikibanwa kabisa, joto la mchana linatoa unyevu kwenye plasta na usiku unaganda kwenye kioo, kisha unateremka hadi kwenye tope lako la vanishi na kulifanya jeupe.

---

Shangani_Mtwara:

Mwaka ni 1896, paa makuti ya mm 8, maji yamekupwa. Naanza na kutoboa matundu ya boriti. Mkuu Patasi, swali moja: hayo matundu ya mm 4.5 unayapima kutoka sakafu tupu au sakafu yenye chokaa?

---

Patasi_Ndogo:

Sakafu yenye chokaa. Ya chini weka mm 3, halafu pima mm 133 kutoka juu yake hadi upande wa chini wa boriti, kwa hiyo katikati ya tundu ni mm 135 kutoka juu ya hiyo chokaa, mm 138 kutoka kwenye plaiwudi.